Kiatu cha kukimbia: mguu kwanza, jina la kiatu nyuma

Huko Runingu, katika bonde la Ruzizi, wilaya ya Uvira, wanaokimbia wanatoka mapema, mbele ya jua kuwa kali. Kuna vijana wa mpira wanaojitayarisha kwa mechi ya siku ya Mungu. Kuna wanafunzi. Kuna wazee ambao muganga aliwaambia watembeze mwili juu damu inapanda. Wote wanapita njia zile zile: barabara ya taifa namba 5 inayotoka Uvira kwenda Bukavu, vijia vya mashambani, na njia zinazopanda kuelekea milima upande wa magharibi.

Miguuni ndipo wanapotofautiana. Mmoja amevaa basketi za chagua, yaani mitumba, zilizovaliwa Ulaya ama Asia mbele ya kufika kwake. Mwingine amevaa basketi mpya za bei ndogo. Wa tatu anakimbia na viatu vya mpira vyenye meno juu ya barabara ngumu kama saruji. Wengine wana raba za kitambaa, wengine kambambili, wengine miguu mitupu.

Jambo hili si dogo. Mguu unaokimbia asubuhi ndio unaokwenda shambani, sokoni na kuteka maji. Kidole kikivimba juu ya kiatu kibaya, mazoezi yanasimama na jembe pia linalala. Na pesa iliyotoka kununua kiatu hicho hairudi.

Mnunuzi anayesimama mbele ya rundo la viatu sokoni ana maswali matatu ya kujiuliza, moja nyuma ya lingine. Kiatu kinamuenea? Mguu unajisikia vizuri ndani yake? Kinamsaidia kukimbia? Wengi wanaanza na swali lingine kabisa: hiki ni cha jina gani? Makala hii inaeleza kwa nini maswali matatu yale yanapaswa kupita mbele ya jina, na namna ya kuyajibu bila kipimo cha gharama.

Viatu vinavyopatikana, kimoja kwa kingine

*Basketi za chagua.* Nyingi kati yao zilitengenezwa kweli kwa kukimbia. Sponji yao, ile sehemu nene iliyo kati ya mguu na soli ya chini, ni nzuri kuliko ya viatu vingi vipya vya bei ndogo. Shida ni mbili. Ya kwanza, hakuna anayejua vimekimbia kilomita ngapi. Ya pili, vimekwisha kufuata umbo la mguu wa mtu mwingine.

*Basketi mpya za bei ndogo.* Faida yake ni kwamba numero zote zinapatikana na hakuna aliyezivaa. Lakini alama iliyo ubavuni haithibitishi kitu, kwa sababu kuishona alama ni kazi rahisi kuliko kutengeneza sponji nzuri. Mara nyingi sponji ni ngumu kama ubao, ama ni laini kupita kiasi na inalala kwa wiki chache. Soli nayo imeshikwa kwa gundi peke yake.

*Viatu vya mpira vyenye meno.* Vilitengenezwa kwa majani na udongo laini, ambapo meno yanazama. Kwenye barabara ngumu meno hayazami, kwa hiyo yanausukuma mguu kutoka chini. Vinabana pia mbele, kwa sababu mchezaji anataka kuusikia mpira. Kwa kilomita nyingi za barabara havifai.

*Raba za kitambaa zenye soli nyembamba.* Ni nyepesi, zinakauka haraka, bei yake ni ndogo. Lakini jiwe likiwa na ncha, mguu unalisikia lote. Mtu aliyezoea kutembea bila viatu anaweza kukimbia nazo vizuri. Mtu aliyezoea viatu vinene aanze nazo kidogo kidogo.

*Kambambili.* Hazifai kukimbia. Vidole vinafanya kazi ya kuzishika badala ya kusukuma ardhi, na kamba ikikatika mtu anaanguka.

*Miguu mitupu.* Wengi wamekua hivyo na wanakimbia hivyo. Mwaka 2010 gazeti la kisayansi Nature lilichapisha utafiti wa Daniel Lieberman na wenzake, waliowapima wakimbiaji wakiwemo Wakenya waliokua bila viatu. Walikuta kwamba anayezoea kukimbia bila viatu mara nyingi anatua na sehemu ya mbele ya mguu, na kishindo cha kutua kinapungua. Anayezoea viatu vyenye kisigino kinene mara nyingi anatua na kisigino. Kwa hiyo kukimbia bila viatu si aibu wala si ujinga. Hatari yake iko chini ya mguu: misumari, chupa zilizovunjika, miiba, funza, na minyoo inayoingia kupitia ngozi.

Swali la kwanza: kinaenea?

Historia ya mbio inatoa mfano mmoja mkubwa. Mwaka 1960, kwenye michezo ya Olimpiki huko Roma, Muethiopia Abebe Bikila alipewa viatu ambavyo havikumkaa vizuri. Akaviacha. Alikimbia kilomita 42 miguu mitupu, kama alivyokuwa akifanya kwenye mazoezi, akashinda kwa muda wa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Miaka minne nyuma yake, huko Tokyo, alivaa viatu vilivyomfaa na akashinda tena, kwa kasi zaidi. Bikila hakuwa adui wa viatu. Alikataa kiatu kisichomuenea, hata siku ile ambayo dunia yote ilikuwa inamwangalia.

Kukosea numero ndilo kosa linaloonekana sana. Kiatu kikibana, kucha ya kidole gumba inapiga mbele kila hatua, inakuwa nyeusi, kiisha inatoka. Kikipwaya, mguu unateleza ndani, ngozi inasuguliwa na malengelenge yanatokea. Muuzaji atasema: “Yaya, chukua tu, kitajipanua.” Kwa viatu vya ngozi neno hilo lina ukweli kidogo. Kwa basketi halina, kwa sababu urefu wake hauongezeki hata mtu akivaa mwaka mzima.

Kupima mguu nyumbani kunahitaji karatasi, kalamu na rula ya mwanafunzi. Mtu aweke karatasi chini, kisigino kiguse ukuta, asimame kwa uzito wake wote. Mwenzake aweke alama mbele ya kidole kirefu kuliko vyote. Kwa watu wengine kidole hicho si kidole gumba, ni kile cha pili. Kiisha apime kutoka ukutani mpaka alama. Afanye hivyo kwa miguu yote miwili na achukue kipimo cha mguu mkubwa, kwa sababu ni watu wachache wenye miguu iliyo sawa kabisa. Wakati mzuri ni jioni, kwa vile mguu unavimba kidogo mchana, tena zaidi kwenye joto la bonde.

Kipimo hicho kinageuka numero hivi, kwa kukadiria:

– mguu wa sentimita 23: numero 36 ama 37
– mguu wa sentimita 24: numero 38
– mguu wa sentimita 25: numero 39 ama 40
– mguu wa sentimita 26: numero 41
– mguu wa sentimita 27: numero 42 ama 43
– mguu wa sentimita 28: numero 44

Kwa kukimbia, wengi wanahitaji kupanda nusu numero ama numero nzima, kwa sababu mguu unasogea mbele wakati wa kukimbia, hasa kwenye mteremko.

Basketi za chagua zina msaada mwingine ambao watu wengi hawauangalii. Ndani ya ulimi wa kiatu kuna karatasi ndogo ama maandishi yenye numero za nchi mbalimbali: US, UK, EUR, na mara nyingi CM. Hiyo CM ni sentimita, na kwa kawaida inaonyesha urefu wa mguu ambao kiatu kilitengenezewa. Ni namba rahisi kulinganisha na ile ya nyumbani. Numero za US zinadanganya zaidi, kwa sababu za wanaume na za wanawake hazihesabiwi sawa. Namba 9 ya mwanamke ni ndogo kuliko namba 9 ya mwanaume.

Lakini karatasi haivai kiatu. Hakimu wa mwisho ni kidole gumba cha mkono. Mnunuzi avae viatu vyote viwili, afunge kamba, asimame. Kati ya kidole kirefu cha mguu na ncha ya kiatu kuwe na nafasi inayolingana na upana wa kidole gumba, karibu sentimita 1. Vidole viweze kuchezacheza. Kisigino kisipande na kushuka ndani. Upande wa upana, kitambaa kisivutike kama ngozi ya ngoma pale ambapo mguu ni mpana. Miguu mingi iliyokua bila viatu ni mipana mbele, na viatu vingi vya kiwanda ni vyembamba mahali hapo. Hapo kupanda numero peke yake hakusaidii sana: kiatu kinakuwa kirefu na bado kinabana. Afadhali kutafuta aina nyingine yenye mbele pana.

Kwa mtoto, wazazi wengi wananunua kiatu kinachopita kwa numero tatu, “juu atakua”. Kwa pesa wana sababu. Kwa mbio, mtoto huyo anajikwaa, na anakunja vidole ili kiatu kisitoke. Nafasi ya kidole gumba kimoja, ama zaidi kidogo, inatosha.

Kwa mama, mimba inaweza kuupanua na kuurefusha mguu, na mara nyingine haurudi ulivyokuwa. Mama aliyevaa 38 mbele ya kuzaa apime upya. Asiende sokoni na numero ya zamani.

Swali la pili: mguu unajisikiaje?

Kwa miaka mingi wauzaji wa nchi tajiri waliwaambia wakimbiaji kwamba kila umbo la mguu lina kiatu chake: mwenye unyayo bapa avae hiki, mwenye unyayo uliopinda avae kile. Jeshi la Marekani lilijaribu jambo hilo kwa maelfu ya askari wapya. Kundi moja lilipewa viatu kufuatana na umbo la nyayo zao, kundi lingine likapewa viatu vya aina moja bila kuangalia nyayo. Mwishoni, wale waliochaguliwa kwa umbo la nyayo hawakuumia kidogo kuliko wenzao.

Benno Nigg, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Calgary huko Kanada, pamoja na wenzake, walipendekeza mwaka 2015 njia nyepesi zaidi: mkimbiaji achague kiatu ambacho mguu wake unakisikia vizuri, kwa sababu mwili wenyewe unajua namna unavyotaka kusogea. Hiyo haimaanishi kwamba kiatu chenye raha kinazuia kila maumivu. Maana yake ni kwamba raha ni dalili ya kuaminiwa, na haimgharimu mnunuzi hata franka moja.

Raha hiyo haipimwi kwa kukaa kwenye kibao cha muuzaji. Mnunuzi atembee, kiisha akimbie hatua 20 ama 30 kwenda na kurudi. Muuzaji mwema atakubali, hasa kama mnunuzi ameacha viatu vyake mwenyewe pale kama dhamana. Aje na sosete zile anazokimbia nazo. Akisikia mahali panapochoma, panapobana ama panaposugua katika dakika zile mbili, ajue kwamba kwenye kilomita 5 pataharibika.

Sponji laini sana si lazima iwe nzuri. Mtu mzito kwenye sponji laini anazama na kifundo cha mguu kinayumba, hasa kwenye njia yenye mawe. Sponji ngumu sana nayo inarudisha kishindo kwenye goti. Kipimo ni kama cha godoro: kila mmoja ana lake, na anayelala juu yake ndiye anayejua.

Mwenye kubadilisha kutoka kiatu kinene kwenda chembamba, ama kwenda miguu mitupu, asifanye kwa siku moja. Misuli ya nyuma ya mguu na mshipa mkubwa wa kisigino vinahitaji wiki nyingi za kuzoea.

Swali la tatu: kinasaidia mwendo?

Hapa ndipo majina makubwa yanapoingia. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado, kwa msaada wa Nike, waliwapima wakimbiaji 18 wa kiwango cha juu. Kiatu kipya cha kampuni hiyo, chenye sponji ya aina mpya na bamba la kaboni ndani yake, kilipunguza nguvu waliyotumia kwa wastani wa asilimia 4. Tangu hapo mbio zimebadilika. Tarehe 12 Oktoba 2019, huko Vienna, Mkenya Eliud Kipchoge alikimbia kilomita 42 chini ya saa 2, kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, akiwa na viatu vya namna hiyo. Mbio zile hazikuhesabiwa kuwa rekodi, kwa sababu ziliandaliwa kwa namna ya pekee. Mwaka 2023 huko Chicago, marehemu Kelvin Kiptum aliweka rekodi ya dunia ya saa 2 na sekunde 35, naye pia na kiatu chenye bamba. Shirikisho la riadha la dunia lililazimika kuweka sheria mwaka 2020: kwa mbio za barabara, soli isipite unene wa milimita 40, na bamba ndani yake lisiwe zaidi ya moja.

Je, kiatu cha namna hiyo kikitokea kwenye chagua, kijana wa Runingu akichukue? Hapana haraka. Kilitengenezwa kwa barabara laini na kwa mtu anayekwenda mbio sana. Sponji yake inachoka mapema, na soli yake ndefu inayumba kwenye mawe. Tena kikifika sokoni kimevaliwa, huenda ile asilimia imekwisha kubaki kwa mwenye kukivaa wa kwanza.

Kipchoge mwenyewe ana habari nyingine inayofundisha zaidi. Mwaka 2015, kwenye mbio za Berlin, vitambaa vya ndani ya viatu vyake vilitoka na kupepea nje karibu na visigino. Alikimbia hivyo kwa sehemu kubwa ya njia, mguu ukiwa na malengelenge na damu. Alishinda kwa saa 2 na dakika 4, lakini aliyeona miguu yake hawezi kusema kwamba kiatu ndicho kilichomshindia.

Karibu zaidi, upande wa pili wa Ruzizi, kuna Vénuste Niyongabo wa Burundi. Mwaka 1996 huko Atlanta alishinda mita 5,000 na kuipa Burundi medali yake ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki, mara ya kwanza nchi hiyo kushiriki. Wakati huo hapakuwa na kiatu chenye bamba la kaboni na sponji ya siku hizi. Francine Niyonsaba, naye wa Burundi, alipata medali ya fedha ya mita 800 huko Rio mwaka 2016. Kwanza miguu na mapafu, kiatu kinakuja nyuma.

Kuna jambo moja la mwendo ambalo kila mtu anaweza kulipima bila maabara: uzito. Utafiti umeonyesha mara nyingi kwamba kila gramu 100 zinazoongezwa kwenye kila kiatu zinaongeza nguvu inayotumika kwa karibu asilimia 1. Kwa hiyo, kati ya viatu viwili vinavyoenea na kustarehesha sawasawa, mkimbiaji achukue kilicho chepesi. Avishike kimoja mkono huu, kimoja mkono ule.

Msimu wa mvua unaibadilisha hesabu hiyo. Udongo wa bonde unashika kwenye soli yenye mifereji midogo na kukifanya kiatu kiwe kizito kama tofali. Soli yenye meno mafupi yaliyoachana inatupa matope vizuri zaidi. Kwenye vumbi na mawe ya kiangazi, soli yenye mpira mgumu inadumu kuliko ile ya sponji tupu. Anayepanda milima aangalie zaidi mshiko wa soli na nafasi ya vidole, kwa sababu wakati wa kushuka mguu wote unasukuma mbele.

Kukagua kiatu cha chagua

Kiatu kinaweza kuwa kimeoshwa na kung’aa, na bado kimekufa ndani. Mtengenezaji kwa kawaida anahesabu kilomita 500 mpaka 800 kwa kiatu cha kukimbia. Mbele ya kutoa pesa, mnunuzi afanye haya:

1. *Avilinganishe viwili.* Numero iwe moja, aina moja, kushoto na kulia. Si mara chache jozi imeunganishwa kutoka viatu viwili tofauti.

2. *Aviweke juu ya ubao ulio sawa, aangalie kutoka nyuma.* Kikiinama upande mmoja, mwenye kukivaa wa kwanza alikilaza hivyo. Kitainamisha na goti la mwingine.

3. *Abonyeze sponji kwa kidole gumba.* Sponji hai inarudi. Iliyokufa inabaki na mikunjo kama shingo ya mzee.

4. *Akikunje.* Kinapaswa kukunjika pale vidole vinapoanzia. Kikikunjika katikati kama karatasi, hakina nguvu tena.

5. *Akwaruze sponji kwa ukucha.* Kuna aina ya sponji inayooza yenyewe kwa miaka, hata kama kiatu hakijavaliwa, na joto pamoja na unyevu vinaiharakisha. Ikitoa unga ama ikimeguka, aache. Soli itatoka yote kwa siku moja, hata kiatu kionekane kipya.

6. *Avute soli kwenye ncha na kisigino.* Gundi ikianza kufunguka, fundi viatu anaweza kushona. Lakini bei ya fundi ihesabiwe ndani ya bei ya kiatu.

7. *Aingize mkono ndani.* Atafute msumari, mshono uliotoka, na shimo la kidole cha mwenye kwanza. Kitambaa cha ndani kinachotoka kinaweza kubadilishwa.

Fundi anaweza pia kubandika chini kipande cha mpira wa gari. Kiatu kitadumu na kitashika barabara, lakini kitakuwa kizito na kigumu kukunjika. Kwa kutembea ni msaada mkubwa. Kwa mbio, apunguze mpira huo uwe mwembamba, na usifunike mahali pa kukunjika.

Bei nayo ihesabiwe kwa muda. Tuseme kiatu cha dola 10 kinaisha kwa miezi 2, na cha dola 20 kinadumu miezi 8. Cha kwanza kinakula dola 5 kila mwezi, cha pili dola 2 na nusu. Lakini hesabu hiyo ni halali tu kama kile cha dola 20 kinaenea.

Kukitunza na kukigawana

Kiatu kilicholowa kisiwekwe karibu na moto wala juani mchana kutwa, kwa sababu joto linafungua gundi na kukausha sponji. Kitolewe kitambaa cha ndani, kijazwe karatasi kavu, kiwekwe kivulini penye upepo. Kioshwe kwa maji baridi, sabuni kidogo na brashi laini. Kamba zifunguliwe kila mara. Anayevua kiatu kwa kukanyaga kisigino anakiua mapema.

Nyumba nyingi zina jozi moja kwa ndugu wawili ama watatu. Hapo kila mmoja awe na sosete zake, na kama inawezekana, kitambaa chake cha ndani, ili wasipeane fangasi ya kati ya vidole. Kiatu kipumzike kikauke mbele ya mwingine kukivaa. Na kama numero zao zinapishana, mdogo asilazimishwe kukimbia mbio ndefu na kiatu cha mkubwa. Kwenye njia laini na safi, miguu yake mwenyewe ni salama kuliko kiatu kinachotoka.

Wakati wa kusimama

Misuli kuuma kidogo nyuma ya mazoezi ni kawaida. Maumivu makali mahali pamoja juu ya mfupa, yanayozidi kila siku, si ya kuvumilia. Yanaweza kuwa ufa mdogo wa mfupa, na dawa yake ya kwanza ni kupumzika. Ganzi kwenye vidole inaonyesha kwamba kiatu kinabana ama kamba imekazwa sana. Aliyechomwa na msumari aoshe kidonda na aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, kwa sababu ya pepopunda. Mwenye ugonjwa wa sukari aangalie miguu yake kila jioni, hata asiposikia uchungu, kwa sababu ugonjwa huo unaweza kuondoa hisia na kidonda kikakua bila yeye kujua. Kwake yeye miguu mitupu haifai hata uani.

Sokoni, basi, mnunuzi aende jioni, akiwa na sosete mfukoni na kipimo cha mguu wake kwenye kikaratasi. Avae viwili, apime nafasi kwa kidole gumba, akimbie hatua 30, abonyeze sponji. Akimaliza hayo yote na kiatu kikakubali, ndipo aulize bei. Muuzaji akisema, “Papa, hii ni ya jina kubwa, ya Ulaya kabisa,” amjibu kwa upole kwamba jina ni zuri, lakini shambani kesho atakwenda na miguu.